PSI ngapi? Mwongozo kamili wa kupata upepo sahihi wa matairi ya pikapu ya mizigo

Swali linarudi kila wiki: "Pikapu yangu niweke PSI ngapi?", yaani kipimo gani cha upepo kwenye tairi. Majibu nayo ni yale yale. Mmoja anasema 35, mwingine 40, na fundi pancha wa njiani anajaza 45 zote nne bila hata kuchungulia bodi kujua kama umebeba saruji au uko mtupu. Miezi michache baadaye mwenye gari anatuma picha: tairi limelika katikati hadi kipara, pembeni bado lina kashata (meno ya tairi) nzima. Au limepasuka ubavu kwenye mteremko na hajui kwa nini, maana "upepo ulikuwepo".

Swali lenyewe lina kasoro. Hakuna PSI ya Hilux wala PSI ya Land Cruiser. Kuna PSI ya tairi fulani, chini ya uzito fulani, likipimwa likiwa baridi. Badili kimoja kati ya hivyo na namba inabadilika. Kwa hiyo pikapu inayopakia na kushusha inahitaji namba mbili kwa matairi ya nyuma, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo, na kazi ya mwongozo huu ni kukufikisha kwenye namba hizo kwa gari lako mwenyewe.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Geji yako mwenyewe. Ya kidijitali au ya mshale, zote sawa, mradi iwe yako. Geji ya sheli hupigwa chini mara nyingi kwa siku, usishangae ikidanganya kwa PSI 5. Ukiwa na yako, hata kama ina kasoro ndogo, kasoro hiyo itakuwa ile ile kila siku.
- Kompresa ndogo ya volti 12, ile ya kubana moja kwa moja kwenye betri. Ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara inatosha gari dogo. Kwa tairi la pikapu lenye mzigo utachoka kusubiri na fyuzi itakata.
- Chaki nyeupe, ya shule.
- Maji ya sabuni kwenye chupa ndogo.
- Daftari na kalamu, au kipande cha plasta ya karatasi cha kubandika ndani ya mlango.
- Jeki, spana ya matairi na pembetatu za barabarani, ambazo unapaswa kuwa nazo hata bila mwongozo huu.

Ukiweza kupata mizani ya magari, vizuri zaidi. Nitaeleza la kufanya ukiikosa.

## Hatua ya 1: Jua umevaa tairi la aina gani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, halafu kila kitu kinachofuata kinaharibika. Chuchumaa usome ubavu wa tairi. Utakuta moja ya maandishi ya namna hii:

265/65R17 112S. Hili ni tairi la kawaida, aina ambayo pikapu nyingi za kabini mbili hutoka nalo kiwandani. Namba 112 ni alama ya uwezo: kilo 1,120 kwa tairi moja. Uwezo huo unapatikana kwenye upepo wa wastani tu, PSI 36 hivi.

LT265/70R17 121/118S. Herufi LT mbele zinasema hili ni tairi la mizigo, ambalo mafundi wengi wanaliita "plai kumi". Namba 121 ni kilo 1,450, lakini ubavuni pameandikwa kwamba uwezo huo unapatikana kwenye PSI 80. Namba ya pili baada ya mkwaju, 118, ni kwa magari yenye tairi mbili mbili nyuma. Wewe iache.

205R16C au 7.50R16. Haya nayo ni ya mizigo. Herufi C inamaanisha gari la biashara. Saizi ya 7.50R16 ndiyo ya Land Cruiser pikapu nyingi, na mara nyingi huvaliwa na tyubu ndani.

Kwa nini uhangaike na hili? Kwa sababu upepo ndio unaobeba mzigo. Mpira na nyuzi kazi yake ni kuushika upepo usitoke. Tairi la LT lina ubavu mgumu na linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule. Lile lenye kilo 1,450 kwenye PSI 80, ukilijaza 40 uwezo wake unashuka chini ya kilo 1,000. Sasa mtu anatoa matairi ya kawaida, anafunga LT mapya kwa sababu anataka "kitu kigumu cha kwenda Mang'ola kuchukua vitunguu", kisha anaendelea kujaza 30 kama zamani. Kwa macho tairi halionekani limelala, kwa kuwa ubavu wake ni mgumu. Ndani linapika.

Kosa la upande wa pili ni kumjazia mwenye tairi la kawaida PSI 65 kwa sababu jirani mwenye LT anajaza 65. Tazama ubavuni palipoandikwa "MAX PRESS". Kwa matairi ya kawaida utakuta 44 au 51. Hiyo ni dari ya kutovuka, wala si namba ya kujazia.

Ukiwa hapo chini, soma na umri. Tafuta herufi DOT na namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa matairi ya mtumba hili ni la lazima. Tairi lenye nyufa ubavuni halina PSI sahihi. Ondoa.

Umefaulu kama: unaweza kusema bila kuchungulia kwamba tairi lako ni la kawaida au la mizigo, linabeba kilo ngapi, na kwa PSI ngapi.

## Hatua ya 2: Soma stika ya mlango

Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo. Kuna stika yenye saizi ya tairi na upepo wa mbele na nyuma. Kwenye pikapu nyingi kuna mistari miwili, mmoja wa gari jepesi na mwingine wa gari lililojaa.

Gari lililotoka Japani huandika kwa kPa. Gawanya kwa 6.9: 200 kPa ni PSI 29, 240 ni karibu 35. Ikiwa ni kwa ba (bar), zidisha mara 14.5.

Sasa linganisha. Kama tairi ulilovaa ni saizi na aina ile ile iliyo kwenye stika, kazi imekuwa nyepesi: namba za stika ndizo za kuanzia, tupu na mzigo, na unaweza kurukia Hatua ya 4. Waliotengeneza gari walipima breki, kona na uzito kabla ya kuandika pale. Usijifanye unajua kuliko wao.

Kama umebadilisha aina au saizi, stika inabaki kuwa sakafu. Usishuke chini yake barabarani, lakini usidhani inatosha.

Stika imepigwa rangi juu? Hutokea sana kwa magari yaliyopita gereji nyingi. Tafuta kitabu cha gari cha modeli hiyo hiyo na injini hiyo hiyo. Kile cha mwaka tofauti sana kinaweza kukupoteza.

## Hatua ya 3: Jua uzito unaokaa kwenye kila tairi

Ukiwa na mizani ya magari (baadhi ya maghala ya nafaka, viwanda na wanunuzi wa chuma chakavu wanayo, na huduma si ghali), fanya hivi. Pandisha matairi ya mbele peke yake, soma. Pandisha gari zima, soma. Toa ya kwanza kwenye ya pili, umepata uzito wa nyuma. Fanya hivyo gari likiwa tupu, kisha siku nyingine likiwa na mzigo wako wa kawaida. Mizani za TANROADS za barabarani zimewekwa kwa ajili ya magari makubwa, ya tani 3.5 kwenda juu, kwa hiyo anza na hizi za watu binafsi.

Huna mizani? Hesabu. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la mahindi la kawaida ni kilo 100; la lumbesa pima moja kwenye mizani ya sokoni, usikubali maneno ya mwenye mali. Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili, bila kuhesabu tangi lenyewe. Ndizi za Kibosho au Marangu hazina kipimo cha kueleweka, maana mkungu na mkungu havifanani. Pima mikungu mitano tofauti, upate wastani.

Mchanga nauweka peke yake kwa sababu ndio unaoua matairi ya pikapu kuliko kitu kingine. Meta ya ujazo moja ya mchanga mkavu ni tani moja na nusu au zaidi, na ukiloa unaongezeka. Pikapu iliyojazwa mchanga hadi ukingo wa bodi imeshapita uwezo wake, hata kama springi zimeongezwa majani. Majani ya springi yanazuia gari lisikae chini. Hayaongezi nguvu ya tairi, ya ekseli, wala ya breki.

Sasa gawanya. Mzigo uliopangwa vizuri, mzito ukiwa mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, hukaa nyuma kwa takriban sehemu tisa za kumi. Ukipanga nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa bodi, nyuma hubeba wote na kuongeza, huku mbele ikinyanyuka. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Upepo hauwezi kurekebisha hilo, panga mzigo upya.

Mfano wa hesabu. Tuseme nyuma ya gari tupu ina kilo 860. Unapakia mifuko 16 ya saruji, kilo 800, na nyuma inapokea 720 hivi. Abiria wa kiti cha nyuma wanaongeza kama 50. Jumla 1,630, sawa na 815 kwa kila tairi. Ongeza asilimia kumi kwa ajili ya mashimo na kona: karibu 900.

Kama umevaa LT ya kilo 1,450 kwa PSI 80, chukua 900 gawanya kwa 1,450, zidisha kwa 80. Unapata karibu 50. Jedwali la mtengenezaji wa tairi, ukilipata, litakupa namba ya chini kidogo ya hapo, kwa hiyo hesabu hii inakosea upande wa usalama. Anzia hiyo 50.

Gari tupu, hesabu ile ile itakupa namba ndogo ya kuchekesha, 26 hivi. Usiifuate. Kwa LT, majedwali ya upepo huanzia 35. Chini ya hapo barabarani ubavu unajikunja kupita inavyotakiwa. Na kama stika yako iko juu ya 35, fuata stika.

Mbele hakubadiliki sana kati ya tupu na mzigo. Injini iko pale pale. Weka namba moja, ya stika, au iliyohesabiwa kwa njia hii hii kama umevaa LT, na uiache.

Onyo: uzito wa juu wa gari ulioandikwa kwenye bamba la kiwandani hauongezeki kwa kujaza upepo. Ukishaupita, punguza mzigo.

## Hatua ya 4: Pima baridi, jaza, hakiki

Baridi maana yake gari limekaa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita mbili kwa mwendo mdogo. Alfajiri kabla jua halijapiga upande mmoja ndio wakati bora. Gari lililoegeshwa juani hutoa namba tofauti kushoto na kulia, na mtu anaanza kutafuta pancha isiyokuwepo.

Badiliko la nyuzi joto 5 au 6 hubeba PSI 1 kwenye tairi lenye 35, na zaidi ya hapo kwenye tairi lenye 60. Asubuhi ya Julai pale Arusha na mchana wa siku hiyo hiyo hutofautiana nyuzi kumi kwa urahisi. Hizo ni PSI 2 ambazo hakuna aliyezijaza wala kuzitoa.

Fungua kifuniko cha valvu, kiweke mfukoni (si juu ya tairi, utakisahau). Bana geji wima, kwa mkupuo mmoja. Ikipiga filimbi ndefu hujabana sawasawa, rudia. Pima mara mbili. Zikilingana, andika.

Jaza PSI 1 au 2 zaidi ya lengo, kisha punguza polepole hadi ufike. Halafu dondosha maji ya sabuni juu ya valvu. Mafundi pancha wazuri hulamba kidole na kugusa mdomo wa valvu kwa mate, wakitazama kama utando utavimba. Ni kipimo kile kile, sabuni ni safi zaidi tu. Povu likikua, kisindano cha ndani kimechoka. Ni kitu cha bei ndogo sana, badilisha siku hiyo hiyo.

Jambo moja watu wanabishana nalo: mzigo hauongezi namba kwenye geji kwa kiasi cha maana. Unaweza kujaza kabla ya kupakia au baada, geji itasoma karibu sawa. Kwa hiyo usiseme "nimepakia, upepo utapanda wenyewe". Utakaopanda ni ule wa joto, nao tunaufikia.

Kuhusu naitrojeni inayouzwa kwenye maduka ya matairi: hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Ukitaka kulipia hiyo iliyobaki, lipia. Kupima bado utapima.

Onyo la kweli, soma mara mbili. Ringi zenye pete ya chuma ya kufungia, zile za baadhi ya Land Cruiser pikapu na malori madogo, zinaweza kuruka wakati wa kujaza na kuua mtu. Hazijazwi na kijana aliyechuchumaa mbele yake. Zinajazwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu, mtu akiwa amesimama pembeni, kwenye mstari wa kashata na si wa ubavu. Na tairi lolote la mzigo lililotembea likiwa limepungua chini ya asilimia 80 ya upepo wake, usiliongezee pale pale. Livuliwe, likaguliwe ndani. Nyuzi za ubavu zilizokatika hazionekani nje, zinasubiri kompresa.

Umefaulu kama: kushoto na kulia kwa ekseli moja kunalingana bila kutofautiana hata kwa PSI 1, na asubuhi inayofuata namba ni zile zile.

## Hatua ya 5: Jaribio la chaki

Hili linakuonyesha kama tairi linakaa chini kwa upana wake wote. Fanya gari likiwa na mzigo ule uliouhesabia, kisha siku nyingine likiwa tupu.

Chora mstari mnene wa chaki kukatiza uso wa tairi, toka bega hadi bega, sehemu tatu kuzunguka tairi. Endesha kwa kunyoosha, polepole, kama meta mia moja, kwenye lami kavu iliyo tambarare. Uwanja wa maegesho mpana unafaa. Usifanye kwenye barabara kuu ya Moshi, wala kwenye mtaa wenye mteremko.

Shuka utazame:

- Chaki imefutika sawasawa: vizuri.
- Imefutika katikati, imebaki mabegani: upepo mwingi kwa uzito huo.
- Imefutika mabegani, imebaki katikati: upepo mdogo.
- Imefutika bega moja tu: upepo hauhusiki, nenda kwenye alaimenti (kunyoosha magurudumu).

Badilisha PSI 2 au 3 kwa mara moja, rudia. Lakini chaki haijui uwezo wa tairi. Ikikuambia ushuke chini ya stika au chini ya namba ya Hatua ya 3, iache chaki, shika namba. Hasa LT mpya yenye ubavu mgumu ikiwa tupu, katikati itafutika zaidi hata kwenye 35. Iache hivyo.

## Hatua ya 6: Jaribio la joto, na hapa hapana mjadala

Kama utafanya jaribio moja tu, fanya hili. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi, likijikunja linapata joto, na joto linapandisha upepo. Kwa hiyo kiasi ambacho upepo umepanda ndicho kinachokusimulia kama ulianza vizuri.

Jaza alfajiri, tairi likiwa baridi, na andika. Pakia. Endesha kwa mwendo wako wa kawaida kwa muda wa saa moja bila kusimama sana. Kutoka Arusha, Boma Ng'ombe ni mahali pazuri pa kupimia. Ukianzia Moshi, Usa River. Usipimie kwenye foleni ya Tengeru siku ya soko: umetambaa nusu saa na matairi yameshaanza kupoa.

Egesha mbali na lami, weka pembetatu, pima zote nne ndani ya dakika chache. Usitoe upepo hata kidogo.

Kwa tairi la kawaida, unatafuta kupanda kwa PSI 4 hivi. Kwa LT iliyojazwa 50 na kuendelea, 6 hivi. Hiki ni kipimo cha madereva wa kazi, si sheria, lakini kinaaminika.

- Umepanda zaidi ya hapo, tuseme 8 au 10: ulianza na upepo mdogo kwa mzigo huo au mwendo huo. Kesho asubuhi *ongeza* 2 au 3.
- Umepanda kidogo sana, 1 au 2: ulijaza kupita kiasi. Kesho punguza.
- Tairi moja limepanda kuliko mwenzake wa ekseli ile ile: shuku breki inayoshika au beringi. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na ringi bila kugusa. Ikiwa joto linakupiga, usiendelee.

Rudia mstari wa kwanza, maana unakwenda kinyume na mazoea. Dereva anaona geji imepanda sana, anaogopa tairi litapasuka, anatoa upepo pale pale barabarani. Amelifanya tairi lililokuwa na njaa liwe na njaa zaidi. Litajikunja zaidi, litapata moto zaidi, na ndilo litakalopasuka mbele ya safari. Tairi la moto halitolewi upepo. Likipanda mno hata ukiwa umeshajaza kiwango cha juu cha tairi lako, kinachobaki ni kupunguza mzigo au mwendo.

Fundi wa njiani atakuambia, "Bosi, imejaa sana hii, nikupunguzie?" Mjibu kwa heshima, "Acha hivyo hivyo fundi, ni ya moto." Wengi wanaelewa haraka.

Umefaulu kama: mbele na nyuma zote zimepanda ndani ya kiwango hicho, kushoto sawa na kulia.

## Hatua ya 7: Andika namba zako na uziishi

Bandika ndani ya mlango wa dereva: mbele, nyuma tupu, nyuma mzigo. Zote za baridi. Andika kwa herufi kubwa ili dereva mwingine au fundi asikisie.

Ugumu unakuja kwenye kushusha. Umefika soko la Mbuyuni saa tatu asubuhi, umeshusha, matairi ya moto, nyuma kuna 56 na gari ni tupu. Huwezi kupima baridi hapo. Ushauri wangu: rudi nyumbani nayo hivyo hivyo, taratibu, na upunguze kesho alfajiri. Gari litarukaruka nyuma. Wakati wa masika, lami ikiwa imeloa, nyuma nyepesi yenye upepo mwingi huteleza kwenye kona kwa urahisi, basi ongeza nafasi kati yako na gari la mbele na usifunge breki ghafla.

Kama gari linashinda na mzigo siku tano kwa wiki, lisikusumbue, acha nyuma kwenye namba ya mzigo wiki nzima. Tairi litalika katikati kidogo. Hiyo ni gharama ndogo kuliko kusahau kuongeza.

## Nje ya lami

Kwenye changarawe iliyochongoka na barabara ya mawimbi mawimbi, kama ile ya baada ya lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, kuelekea Serengeti, gari lisilo na mzigo mkubwa linaweza kushushwa robo ya upepo wake wa baridi. Tairi linakunjika juu ya jiwe badala ya kukatwa nalo, na bolti za gari zinakushukuru. Mwendo nao ushuke: zaidi ya 60 hapana.

Kwenye tope la udongo mweusi au mchanga mzito, ukikwama, shuka hadi 18 au 20, toka, na usizidi 30 kwa saa. Kona kali ukiwa hapo chini zinaweza kuvua tairi kwenye ringi. Ukiwa na mzigo mzito, shusha mzigo kwanza.

Na hakuna kurudi kwenye lami kabla ya kujaza. Ndiyo maana kompresa imo kwenye orodha.

## Milima inabadilisha nini?

Kidogo kuliko inavyosemwa. Geji inasoma tofauti ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya nje hupungua ukipanda. Tairi lililojazwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, likifika Arusha kwenye mita 1,400 hivi litasoma PSI 2 na kitu zaidi. Lakini Arusha kuna baridi, na tofauti ya nyuzi kumi za asubuhi inakaribia kuzirudisha zote mbili. Moshi na Arusha hazitofautiani hata PSI 1. Ukipanda ukingo wa Ngorongoro kutoka Arusha, geji itasoma moja na ushee zaidi. Lala, pima asubuhi, rekebisha, basi.

## Tairi la akiba

Lijaze namba ya nyuma ya mzigo, na ongeza 3 juu yake bila kuvuka dari ya ubavuni, kwa sababu linaning'inia chini ya bodi na hakuna anayelikumbuka. Lipime kila mwezi. Kama valvu imeelekezwa juu na geji haifiki, lishushe uligeuze mara moja tu, kazi iishe. Likihitajika mbele, utapunguza kwa dakika moja ukiwa na kijiti tu. Kuongeza upepo saa mbili usiku baada ya Longido ni habari nyingine.